USTAHIMILIVU SI MSHAHARA

Ndugu wafanya kazi wa Lodwar na Kakuma,

Siku hizi tumeletewa mwalimu wa ustahimilivu. Anatuhubiria wazee wawili wa kale, Epictetus na Mchina Lao Tzu. Asema: usijisumbue na jambo lisilo mkononi mwako, uwe kama maji, usishindane. Kisha tunapewa soda, tunapigwa picha, tunarudi kazini kwa mshahara ule ule.

Sisi hatuna ugomvi na wazee hao. Ugomvi wetu ni na wanaowasoma nusu nusu.

Epictetus alikuwa mtumwa huko Rumi, tena kiwete. Alifundisha mtu atenge yaliyo katika uwezo wake na yasiyokuwamo. Vema. Jua la Lodwar halimo katika uwezo wetu. Mto Tarach ukishuka ghafula na kukata njia ya Kakuma, kumtukana dereva ni upumbavu, na sisi wenyewe tumepata kuufanya. Lakini mshahara haukunyesha kama mvua. Uliandikwa na mtu, mezani, kwa kalamu. Mkimbizi anayefasiri, anayefundisha au anayehudumia wagonjwa kambini Kakuma hulipwa posho iitwayo insentivu, chini sana ya mshahara wa Mkenya wa kazi ile ile. Na kambi ipo tangu mwaka 1992. Je, hiyo nayo ni hali ya hewa? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya kuingia chama na ya kugoma. Kushinda pengine hakumo mkononi mwetu. Kudai kumo.

Na hayo maji? Mwalimu hayajui. Mturkana wakati wa kiangazi hapigi mwamba. Huchimba mchanga wa mto mkavu, pale anapojua maji yamelala, na kisima kikizidi kina watu hushuka ndani wakapokezana chombo mkono kwa mkono. Huko ndiko kufuata njia ya maji, wala si kukaa kivulini. Tena kitabu cha Lao Tzu chawalaumu watawala wanaotoza kodi hata watu wakalala njaa. Ukurasa huo mwalimu hakuufungua.

Kama anataka mfano wa uvumilivu, asiende Rumi, aende Lokitaung, kaskazini ya hapa. Makhan Singh, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi lililoundwa 1949, alidai uhuru hadharani Nairobi Aprili 1950. Mwezi uliofuata akakamatwa, akaletwa Lokitaung. Fred Kubai, rais wa shirikisho hilo, naye alifungwa huko baada ya kesi ya Kapenguria. Makhan Singh alizuiliwa huku na huko hata Oktoba 1961. Kufuli halikuwa mkononi mwake, basi hakupoteza nguvu kulipiga mateke. Lakini alipotoka hakusema kwamba amejifunza kuridhika. Aliandika historia ya vyama vya wafanya kazi vya Kenya, ikachapishwa 1969.

Kwa hiyo mkiitwa tena semina, nendeni, soda mnyweni. Kisha mwulizeni mwalimu mshahara wake ni kiasi gani, na nani aliupanga. Nanyi kila mmoja aandike saa zake za kazi za mwezi huu na malipo aliyopokea, mkimbizi na mwenyeji sawasawa, amletee katibu wa tawi karatasi hiyo kabla ya mwisho wa mwezi.