Kibo kwenye kikombe: nani anakula hela ya Tingatinga?

Wadau, pita maduka ya zawadi hapa Moshi mjini, au panda mpaka getini Marangu. Utaona Kibo kapakwa theluji nyeupe peee, chini yake twiga na tembo wamejipanga. Kibo huyohuyo yupo kwenye turubai, kadi, fulana mpaka kikombe. Mtalii akishuka mlimani anabeba. Swali langu ni moja: kikombe kikiuzwa, aliyechora anapata nini?

Tuanze na mwenye jina. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Picha zikawa zinauzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kimakosa, akafa. Miaka minne tu ya kazi! Wafuasi wake wakaendeleza, na 1990 wakaunda chama cha ushirika. Mwaka 2010 BBC ikaanza kuonyesha katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi, na vitabu vya watoto vikafuata.

Wengi tunalalamika eti "wametuibia mtindo". Jamani, tuwe wakweli: mtindo hauna hakimiliki. Ingekuwa nao, hata vijana wetu wanaochora twiga wangetakiwa kulipa. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda picha yenyewe, maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, picha za Tingatinga mwenyewe zilitoka kwenye ulinzi huo mwisho wa 2022.

Sasa, tunapopigwa bao ni hapa. Ukimuuzia mtu picha umemuuzia turubai, hujamuuzia haki ya kuichapa kwenye vikombe elfu moja. Lakini msanii ana njaa, anapokea chake cha siku, hana karatasi wala nakala ya picha. Miezi sita baadaye anaiona dukani kwenye fulana. Atadai kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo washkaji: weka sahihi, piga picha kila kazi kabla haijatoka mkononi, andikishaneni hata ukurasa mmoja, na kasajili COSOTA. Kazi ya oda au ya kuajiriwa ni habari nyingine, hapo soma mkataba kabla ya kushika brashi.

Mlima ni wetu sote. Mchoro una mwenyewe.

Mnaonaje wadau? Tupeni maoni hapo chini, ila matusi hapana.