Tunalipa lala salama, lakini nani analala?

Ndugu zetu mlio kambini, na ninyi mliopokelewa na jamaa, jambo hili tunaliongea chini chini kila siku. Leo nalisema wazi: kikundi kinachokutoza pesa ili usiguswe si mlinzi wako.

Jibu nalijua: "Hao ni watoto wetu, wanatetea udongo wa mababu." Simdharau kijana aliyeshika panga siku adui alipoingia na jeshi halikuwapo. Raia Mutomboki, yaani raia wenye hasira, walianza hivyo Shabunda mwaka 2005, FDLR wakiua watu na serikali ikiwa mbali. Wanakijiji waliwapa chakula kwa moyo. Lakini FDLR walipopunguzwa, silaha ziliwekwa chini? Hapana. Waligawanyika, kila komanda na watu wake, wakafunga kamba kwenye njia za dhahabu na kasiterite. Mama aliyewapikia akaanza kulipia njia ya kwenda shambani kwake.

Masisi, Walikale, Kalehe, mnaijua hadithi. Mtu mzima analipa lala salama kila mwezi, anapewa jeto. Ukipoteza jeto, unalipa tena, au unalala shimoni mpaka jamaa wauze mbuzi. Unatoka shamba na mfuko wa maharagi: kamba ya kwanza mwanajeshi, ya pili Mzalendo, mbele kidogo kikundi kingine chenye jina la herufi nne. Ukifika soko, mfuko umekuwa nusu. Na wale wa M23 wanaojisifu kwamba wameleta utulivu, kwao pia kuna ushuru, na salongo ya lazima juu yake.

Halafu tunaambiwa ni mambo ya kabila. Kabila gani? Pale kwenye kamba sijaona Mhunde akimsamehe Mhunde, wala Mhutu akimsamehe Mhutu.

Lawama kubwa naipeleka Kinshasa. Mwaka 2009 waasi wa CNDP walipewa vyeo jeshini. Mwaka 2012 wengi wao wakaasi tena kwa jina la M23. Mwaka 2023 ikatoka sheria ya jeshi la akiba, na Wazalendo wakapata mlango wa kuitwa watetezi wa nchi. Kamba hazikutoka barabarani. Kijana ameona kwamba bunduki inaleta cheo. Utamwambia nini ili aende kujifunza useremala? Na yule mwanasiasa anayewatumia chakula na risasi, watoto wake wanasoma mbali na hapa.

Basi wakubwa wakija tena na magunia ya unga na wapiga picha, tusipige makofi tu. Tuwaulize: kamba ya pale darajani inatoka siku gani, na pesa zake zinapokelewa na nani?