Posho ya Aliyeshiba

Zamani za misafara, njia kuu itokayo Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Tura na Kigwa, nchi iliyo jirani na Igalula ya leo. Mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kila mpagazi alipewa posho yake: nafaka kwa kibaba, au kitambaa na shanga za kununulia chakula vijijini. Posho ilikuwa haki ya aliyechukua mzigo. Tajiri mwenye msafara alikula vizuri kuliko wote, lakini alikula chake. Hakujipanga mstarini kungoja kibaba. Lau angalifanya hivyo, wapagazi wangalitua mizigo yao siku ile ile.

Siku hizi mstari upo, na aliyeshiba amesimama ndani yake bila haya. Ni mstari wa msaada wa karo katika shule za watu binafsi na za mashirika ya dini. Mzazi mwenye mshahara mnono, mwenye gari na nyumba ya kupangisha, huandika barua kuomba mtoto wake asamehewe sehemu ya karo, na si mara chache husamehewa. Kwani barua yake imeandikwa vizuri, naye aujua mlango wa kuipeleka. Mkulima wa Igalula hana hata habari kwamba barua ya namna hiyo huandikwa. Shindano limekwisha kabla halijaanza.

Watetezi wa mzazi huyu si wajinga, na maneno yao yastahili kujibiwa. Husema kwamba mshahara huonekana mkubwa katika karatasi, lakini nyuma yake uko ukoo mzima: mama mjane, wadogo wasio na kazi, watoto wa kaka aliyefariki. Tena kodi hukatwa kabla mwenye mshahara hajaushika, hali mfanya biashara aweza kuificha faida yake. Haya ni kweli, wala mtu asiyakane. Lakini je, mkulima hana ukoo? Naye analea mayatima nyumbani mwake, na hana mwisho wa mwezi wa kuungojea. Kama shule yataka kuhesabu wategemezi, na iwahesabu wa pande zote mbili. Hesabu ikiisha itaonekana nani amebakiwa na nini.

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi. Shule binafsi huishi kwa karo. Ada ya sekondari za serikali, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, iliondolewa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Mzazi mwenye uwezo akinuna, aweza kumhamisha mtoto. Mtoto aliyesamehewa nusu ya karo huleta nusu ya pili. Aliyesamehewa yote huleta sanduku lake na njaa yake. Mishahara ya walimu hailipwi kwa huruma. Basi na iwe hivyo, lakini jambo liitwe kwa jina lake. Mwenye duka apunguzaye bei ili asipoteze mteja hasemi kwamba ametoa sadaka. Hilo ni punguzo, na gharama yake iandikwe katika hesabu za biashara. Ubaya huanza pale punguzo linapochotwa katika mfuko uliochangwa kwa jina la maskini. Mtu aliyetoa shilingi yake kwa ajili ya yatima hakuitoa ili mwenye gari apate nafuu ya kununua magurudumu.

Wengine hutaja mataifa ya mbali. Mwezi Machi 2025 Chuo Kikuu cha Harvard kilitangaza kwamba familia zenye pato la dola 200,000 kwa mwaka au pungufu hazitatozwa ada ya masomo. Watetezi hushangilia: mbona Wamarekani huwasaidia hata wenye nacho? Husahau kwamba chuo kile kina akiba ya zaidi ya dola bilioni 50, na kwamba ada yake ni ghali kupita kiasi. Mwenye bahari aweza kumwagia bustani ya jirani. Mwenye mtungi mmoja hana budi kuuliza nani ana kiu. Afadhali wangaliitazama Eton ya Uingereza. Mfalme Henry wa Sita aliianzisha mwaka 1440 ili wasome humo bure wanafunzi 70 maskini. Karne zilipopita, jina la shule hiyo likawa alama ya watoto wa matajiri. Mahali pa maskini huchukuliwa polepole, kiti kimoja kimoja, na kila kiti kina sababu nzuri siku kinapotolewa.

Hubaki wale wasemao kwamba akili haina tajiri wala maskini, basi mtoto aliyefaulu sana atuzwe kwa kusamehewa karo hata kama baba yake ni nani. Maneno haya hupendeza masikioni. Lakini alama za mtihani hazipimi akili peke yake; hupima pia nani alilipiwa nini tangu utotoni. Mtoto aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza huingia kidato cha kwanza kama arudiye nyumbani. Mtoto wa shule ya msingi ya Igalula amesoma miaka yake kwa Kiswahili, kisha siku moja akutana na fizikia na historia kwa lugha ya kigeni. (Kwamba fumbo hilo lingalipo hata leo katika nchi ya Kiswahili ni aibu nyingine, yenye kutaka makala yake.) Tuzo kwa aliyefaulu ni jambo jema: apewe vitabu, apewe nishani, asifiwe mbele ya wenzake. Karo ni jambo lingine. Yafaa pia kukumbuka kwamba kwa miaka mingi shule zilishindania jina katika orodha ya shule bora, mpaka Baraza la Mitihani lilipoacha kuitangaza Januari 2023. Na katika shindano lile ufadhili wa wenye alama za juu ulikuwa chambo zuri.

Tabora ina kumbukumbu yake katika neno hili. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianzisha hapo shule iliyokusudiwa hasa kwa wana wa watemi. Fedha zake zilikuwa za serikali, na sehemu ya fedha hizo ilitoka katika kodi ya nyumba na ya kichwa, waliyoitoa hata wajukuu wa wapagazi. Hoja ya siku zile ilifanana na ya leo: wasaidiwe walio juu, nao watawavuta walio chini. Mtu atasema, je, Julius Nyerere, mwana wa mtemi Burito wa Wazanaki, hakusoma Tabora tangu 1937? Alisoma. Lakini utemi wa Butiama haukuwa utajiri wa kupangisha nyumba. Na mwanafunzi yule alipokuwa kiongozi, serikali yake iliuondoa utemi mwaka 1963, naye mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea kulaumu elimu yenye kujenga tabaka la wachache. Wamtajao kama shahidi wao wamechagua shahidi asiyewafaa.

Lipo jambo moja ambalo wenye mishahara na wakulima wote wana haki kulidai, nalo ni muda. Tumbaku ya Igalula iko shambani mwezi Januari shule zinapofunguliwa. Pembejeo zimekopwa kwa chama cha msingi, na fedha huonekana baada ya masoko, katikati ya mwaka. Mkulima hodari wa Januari ni fukara, na wa Julai ana uwezo. Kumwita maskini ni kumkosea, na kumrudisha mtoto wake langoni ni kumkosea zaidi. Shule ingaliandika mapatano ya kulipa Julai, mkulima huyo asingaliugusa mfuko wa maskini. Na mwenye mshahara aliyeuguliwa au aliyefiwa, naye alipe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi mpaka deni liishe. Fedha za mfuko zibaki kwa mtoto ambaye nyumba yake haina Julai wala mwisho wa mwezi.