Karatasi ya moyo ikionekana nzuri, usikimbilie nyumbani



Mama mkubwa wangu ana sukari na tansio. Siku moja, baada ya ibada, alisikia uzito kifuani kama mtu amemkalia. Jasho baridi likamtoka, tumbo likachafuka. Sisi tukasema ni gastriti. Kwenye kituo kimoja cha afya walimpima moyo kwa mashine mara moja, mstari ukaonekana sawa, wakampa dawa ya tumbo, tukarudi naye. Usiku uleule akazidiwa. Hospitali ya pili ilipima damu na kuona kwamba moyo umeumia. Alipona, lakini leo hapandi kilima bila kupumzika njiani. Nimeuliza waganga sana, na haya ndiyo niliyojifunza.

Moyo nao unalishwa na mishipa yake. Mafuta yakijikusanya ndani ya mshipa, kisha damu ikagandia hapo, njia inaziba. Ikiziba kabisa, kwa kawaida mashine ya elektrokadiogramu inaonyesha kipande cha mstari kinachoitwa ST kimeinuka. Lakini mara nyingi mshipa hauzibi wote, damu inapita kwa shida. Hapo ST haiinuki. Mstari unaweza hata kuonekana wa kawaida, huku moyo unaumia.

Ndiyo maana karatasi moja haitoshi. Maumivu yakiendelea au yakirudi, mashine inarudiwa. Damu nayo inapimwa troponini, kitu kinachotoka kwenye moyo ulioumia. Troponini inachukua muda kupanda, kwa hiyo inapimwa tena baada ya saa 1 hadi 6, kufuatana na kipimo cha maabara. Hata isipopanda, maumivu ya kifua yanayokuja umekaa tu yanahitaji muganga.

Sisi wanawake, na watu wenye sukari, tunadanganyika kwa urahisi. Maumivu yanaweza kuwa mgongoni, kwenye taya, mkononi au juu ya tumbo. Pengine ni kukosa pumzi na kuchoka kusiko na sababu. Yakipita dakika 15, usilale ukingoje asubuhi. Usiende peke yako, wala kwa miguu.

Ukifika, sema saa maumivu yalipoanza, na kama una tansio, una sukari au unavuta tumbaku. Uliza kwa heshima: “Munapima troponini hapa? Mutarudia mashine saa ngapi?” Kama hawana, omba barua ya kuhamishwa.

Mganga anaweza kukupa aspirini ya kutafuna, kama haikudhuru na hutoki damu mahali. Atakuongezea dawa za kuzuia damu isigande, za mafuta ya damu na za tansio. Penye vifaa, mshipa unatazamwa na kufunguliwa kwa mrija mwembamba. Ibuprofeni na diklofenaki si aspirini. Zinaweza kuuongezea moyo shida. Na dawa za moyo haziachwi kwa sababu maumivu yameisha.

Katika mkutano wetu ujao, tukubaliane jambo moja: mfuko wa kusaidiana uwe na pesa ya gari ya usiku, na kila mmoja ajue nani anaitunza. Mama mkubwa wangu angefika mapema zaidi kama tungekuwa nayo.

Tuonane juma lijalo.