Kiti cha Sultani Kina Kioo, Dema la Babu Lina Mchwa

Nimepewa kurasa mbili na nina hasira za kurasa ishirini, kwa hiyo msomaji nivumilie nikienda mbio.

Mwaka juzi nilianza kuandika riwaya. Mhusika mkuu ni mvuvi wa kwetu, pwani hii ya kusini ya mji wa Tanga. Nikafika ukurasa wa kumi na moja nikakwama. Mvuvi wangu alikuwa anashuka baharini alfajiri, nami nilitaka kueleza anavyokishika kile kibao cha pembeni ya ngalawa, kile kinachoelea na kuizuia isipinduke. Jina lake nani? Sikulijua. Mimi niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka ufukweni! Nimemaliza kidato cha nne, naweza kukuchorea panzi na viungo vyake vyote nikavitaja kwa Kiingereza, lakini ngalawa iliyonilisha nilikuwa siwezi kuitaja mwili wake. Nikaandika, "Alishika kile kibao cha pembeni." Nikaisoma sentensi ile nikaona aibu, nikafunga daftari.

Nikapanda basi mpaka kwenye jumba moja la makumbusho la mwambao huu. Silitaji jina, maana sitaki ugomvi na mtu mmoja, na ugonjwa wenyewe si wa mtu mmoja. Nikalipa kiingilio. Ndani nikakuta kiti cha sultani kimewekwa ndani ya kioo, sahani za Kichina, milango ya nakshi, bunduki, na picha za maofisa wa Kijerumani wenye masharubu yaliyochongoka. Nikazunguka mara mbili. Mwisho nikamwuliza aliyekuwa zamu, "Samahani kaka, sehemu ya wavuvi iko wapi?"

Akanitazama kama niliyeuliza bei ya vitumbua. "Mambo ya uvuvi nenda ofisi ya uvuvi, mdogo wangu."

Hapo ndipo hasira ilipoanzia.

Hebu tuulizane. Mwambao huu uliishi kwa nini? Kwa kiti cha sultani? Ngome ya Yesu kule Mombasa ina vitu vilivyoopolewa miaka ya 1970 kutoka kwenye merikebu ya Kireno iliyozama mwaka 1697, na watu wanakwenda kuvitazama kwa heshima. Vizuri. Unguja, Beit al Ajaib lilijengwa mwaka 1883 kwa fahari ya Seyyid Barghash, na sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 mwambao mzima ulisikitika, nami pia. Lamu wanavyo vielelezo vya vyombo vya zamani, ukiwamo mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba pasipo msumari hata mmoja. Kwa hilo nawapa heko. Sisemi vitu hivi vitupwe. Ninachosema ni kwamba mgeni akizunguka majumba yetu ya kumbukumbu ataondoka akidhani watu wa pwani walikuwa wakila kaure na kunywa nakshi. Samaki alitoka wapi? Nani alimvua, kwa mtego gani, majira gani, akiimba nini?

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimekwisha kulisikia kwa rafiki yangu tuliyesoma pamoja, ambaye sasa ni mtu wa miradi na semina. "Wewe bwana unataka kuweka madema kwenye kioo wakati wavuvi hawana injini wala barafu? Huo ni ushamba wa wasomi." Nilicheka naye, lakini usiku sikulala. Maana hoja yake ina nguvu. Samaki wanaozea pwani kwa kukosa barafu, hilo nimeliona kwa macho.

Basi nikatafuta kama kuna watu maskini wa bahari popote duniani waliowahi kufanya jambo hili bila kuonekana wendawazimu. Nikawapata mahali nisipopategemea.

Kipo kisiwa huko Marekani, jimbo la North Carolina, kinaitwa Harkers Island. Si kisiwa cha wafalme. Watu wake ni wavuvi na mafundi wa mashua. Wengi wao asili yao ni ukanda wa mchanga ulio jirani. Kimbunga cha mwaka 1899 kilipowachosha walizibomoa nyumba zao, wakazipakia kwenye mashua, wakavuka nazo na kuzijenga upya ng'ambo. Msimu wa baridi mabata na mabukini hushuka huko kwa makundi makubwa kutoka kaskazini. Wenyeji walikuwa wakichonga bata wa mti, wanampaka rangi, wanamwelesha majini ili bata wa kweli waone wenzao wametua, nao watue. Kilikuwa kifaa cha kazi tu, kama ndoana na chambo. Hakuna aliyekiita sanaa.

Mwaka 1992 wachongaji hao na majirani zao wakaanzisha makumbusho yao wenyewe, Core Sound Waterfowl Museum. Makumbusho ya bata wa mti! Nadhani hata huko walikuwapo watu wa semina waliocheka. Lakini tazama walichofanya. Vijiji vya jirani vikapewa nafasi ndani ya jengo kupanga mambo yao wenyewe: picha za wazee wao, vyombo vyao, hadithi zao. Septemba 2018 kimbunga Florence kikaliharibu jengo vibaya, nao wakalitengeneza wakarudi. Mtu hafanyi hivyo kwa kiti cha sultani. Anafanya hivyo kwa kitu ambacho ndani yake kuna jina la baba yake.

Na kuna jambo jingine nalipenda katika habari za pwani ile. Katika mji jirani wa Beaufort palikuwa na viwanda vya samaki mdogo wa mafuta aitwaye menhaden, na cha mwisho kilifungwa mwaka 2005. Kabla ya mashine, nyavu zile nzito zilivutwa kwa mikono, na wavutaji wengi walikuwa Wamarekani Weusi, wakivuta kwa nyimbo za kupokezana: mmoja anatoa, wote wanaitikia, wavu unapanda. Nyimbo ndizo zilizokuwa winchi. Nilipolisoma hili niliinuka kitini. Kwani sisi juya linavutwaje? Nani amezikusanya nyimbo za juya za kijiji chetu? Nikienda mimi leo kuziuliza, wanaozijua zote ni wazee watatu, na mmoja amepoteza meno, maneno hayatoki sawasawa.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu na barafu yake. Ndugu yangu, nani amekwambia jina si mali?

Babu yangu mzaa mama ana miamba yake baharini. Haina boya wala bango. Anaipata kwa macho: mbuyu wa makaburini ukae juu ya mnara wa msikiti, na upande wa pili kilima kionekane kimeegemea minazi fulani. Hapo teremsha mshipi, changu wapo. Kila mwamba una jina, na baadhi ya majina hayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti la heshima. Mbuyu ule umekwisha kuanguka. Vijana siku hizi wanatumia mnara wa simu, sawa, lakini hawajui majina. Na bahari isiyo na majina ni rahisi sana kuchorewa mstari na mtu mwingine. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga. Mwaka 2017 likawekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kule Chongoleani. Sipingi hifadhi wala bomba, hayo yana wenye kuyajadili. Lakini siku mtu wa ramani akija na kalamu yake, akauliza "hapa pana nini?", utamjibu nini? "Pana maji"? Au utamtolea daftari lenye majina ya miamba na ya waliovua hapo, baba na babu?

Na huyo silikanti mwenyewe ni shahidi wangu. Wataalamu walidhani samaki wa jamii yake walikwisha kutoweka pamoja na madinosaria. Mwaka 1938 akaonekana Afrika Kusini, na aliyemtambua kuwa si samaki wa kawaida alikuwa Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya mji wa East London, aliyekuwa na desturi ya kwenda kuangalia walichovua wavuvi. Makumbusho madogo, msomaji! Dunia ikashangaa. Baadaye ikaonekana kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua tangu hapo, wana jina lake, gombesa. Jina lilikuwapo, ila halikuwa limeandikwa mahali ambapo wakubwa wanasoma. Kwetu Tanzania ameanza kunaswa kwenye majarife tangu mwaka 2003, na leo samaki huyo ana hifadhi yenye jina lake. Mvuvi aliyemtoa kwenye jarife hana hata ubao wa mwerezi wenye herufi tatu.

Ndege nao? Tunasema mvuvi anavua samaki, kumbe nusu ya kazi ni kutazama juu. Babu akiona membe wamekusanyika wanajitupa majini, anajua chini yao dagaa wanafukuzwa na samaki wakubwa, na anajua aelekeze tanga wapi. Akiona sululu na vitwitwi wamerudi kwa wingi kwenye tope la mikoko, anajua mwaka unaelekea kaskazi. Ndege hao hutoka mbali huko kaskazini ya dunia kukimbia baridi, kama wale mabata wa Harkers Island. Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha mawe katikati ya bahari, mabaharia wanakijua kwa makelele ya ndege wanaotagia pale. Elimu hii haiko katika kitabu chochote nilichosomeshwa. Shuleni nilifundishwa pengwini.

Lakini nisije nikafanya kosa la watu wa kiti cha sultani, la kuweka fahari tu. Wale wa North Carolina hawawezi kusimulia bata wa mti bila kusimulia bunduki. Mabata waliuawa kwa wingi wa kupeleka sokoni, mpaka sheria ya mwaka 1918 ikakataza kuuza ndege wahamao, na mwaka 1935 ikakatazwa hata kuwatumia bata hai kama chambo. Wawindaji walikuwa babu zao hao hao. Kwa hiyo na sisi tukijenga letu, ndani yake iwekwe chupa ya baruti. Naam, baruti. Tanga nzima inajua ninachosema. Mjomba wangu ana mkono mmoja, na watoto wake wanaambiwa aliumwa na papa. Papa gani anayeunguza? Ikae pale chupa, na utambi wake, na kipande cha tumbawe jeupe lililokufa, na mjomba akikubali, maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Makumbusho yasiyokuwa na aibu ya wenyewe ni tangazo la hoteli.

Gharama? Sisemi tujenge ghorofa. Lipo banda la kuuzia samaki pale kwetu, limeachwa tangu mnada uhamishiwe mjini. Paa linavuja upande mmoja. Tunataka mabati sita, meza mbili, daftari gumu, na mtu wa kukaa na ufunguo. Akina mama wanaotanda uduvi kwa kanga wana mengi kuliko sisi wanaume tunavyodhani, na kona yao wapange wao, tusiwapangie. Wageni wa dago kutoka Pemba nao wana yao. Asiyekuwa na chombo cha kuleta alete jina la mwamba.

Mimi nimeanza na daftari. Lina maneno mia mbili na kumi na nne mpaka jana. Kile kibao cha pembeni, Babu alinambia kinaitwa rengu. Mgeni mmoja wa dago akadakia kwamba jina lake ndubi, na wale wazee wawili wakabishana mpaka maji yakajaa, chai ikapoa. Nimeyaandika yote mawili. Ukurasa wa kumi na moja umekwisha andikwa upya.

Lililobaki ni dema. Babu analo moja la zamani kwenye dari, limeliwa na mchwa upande wa mkia, na nilipomwomba alikataa. "Ukiliweka kwenye kioo litavua nini?" Nikamweleza kama nilivyokuelezeni nyinyi, tena kwa kirefu zaidi. Akasikiliza huku anasokota kamba. Baada ya muda mrefu akasema nitalichukua kwa sharti moja, kwamba kwenye karatasi ya maelezo lisiandikwe jina lake peke yake. Liandikwe kwanza jina la aliyemfundisha kusuka, mzee mmoja aliyekufa Babu angali kijana, ambaye hata kaburi lake bahari imekwisha lichukua. Akanitajia jina. Nikamwomba anitajie tena, polepole, niliandike sawasawa.