Kikulacho Ki Kitandani: Risala ya Wapangaji wa Kamenu

Imesomwa katika baraza la chifu, Kamenu, Thika

Mheshimiwa chifu wetu, mheshimiwa mwakilishi wa wadi, afisa wa afya ya umma, wazee wa Nyumba Kumi, wenye ploti mliofika na mliotuma watu, mabibi na mabwana:

Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inaturuhusu kuwasilisha malalamiko yetu kwa mamlaka za umma, na ndiyo ruhusa tuliyokuja nayo. Mkituona tukijikuna katikati ya kusoma, mtuwie radhi. Hiyo ndiyo sehemu ya risala ambayo hatukuweza kuiandika.

SISI NI NANI

Sisi ni wapangaji wa ploti za Kamenu. Wengine wetu hufanya kazi za zamu katika viwanda vya Thika, wengine wana vibanda Makongeni, wengine ni wanafunzi, wengine ni makanga na waendeshaji bodaboda. Tunaishi chumba kwa chumba, ukuta mmoja ukihudumia nyumba mbili, choo kimoja kikihudumia milango yote. Tunachokuja kukishtaki hakibagui kabila, kanisa wala chama. Hutoka usiku wa manane, hunywa damu kwa dakika tano hadi kumi, kisha hurudi katika ufa kabla hujageuka upande wa pili. Tunazungumzia kunguni.

Wapo waliocheka. Tunaomba wacheke sasa hivi, wamalize, kisha watusikilize.

TULIVYOFIKA HAPA

Nchi hii haijakosa hadithi za wanyonya damu. Babu zetu walioishi Nairobi enzi za mkoloni walionywa wasipite usiku karibu na kituo cha zimamoto, kwani ilisemekana wazimamoto hukamata watu wakawafyonza damu. Pwani waliitwa mumiani, Uganda wakaitwa bazimyomwoto, na huko iliko Zambia leo wakaitwa banyama. Neno mumiani ni kongwe: mmisionari Krapf aliliweka katika kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, akieleza kwamba ni dawa ambayo wenyeji waliamini Wazungu huitengeneza kwa damu ya mtu. Mwaka 1947 umati wa watu Mombasa ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa sababu ya uvumi huo. Na mwaka 1959 gazeti la Uganda liliripoti habari za mtu aliyefungwa miaka mitatu kwa kujaribu kumuuza mwenzake katika kituo cha zimamoto cha Kampala. Wazimamoto hawakuwa wakinunua watu. Lakini yule bwana alikuwa ameisikia hadithi ya mumiani kama wengine. Wenzake walipoona hatari, yeye aliona soko.

Mtu huyo tunamkumbuka kila asubuhi, na sababu mtaiona.

Mwaka uleule wa 1947, katika mabweni ya wanamaji wa Marekani huko Pearl Harbor, Hawaii, iligunduliwa kwamba kunguni walikuwa wameanza kustahimili DDT, dawa iliyokuwa ikisifiwa ulimwengu mzima. Kwa hiyo Mombasa watu walimvamia mnyonya damu asiyekuwapo, na yule aliyekuwapo alikuwa ameshajifunza kuishi na sumu. Tangu hapo amejifunza mengi zaidi. Kenya yetu iliwahi kuongoza ulimwengu kwa kilimo cha pareto, ua linaloangamiza wadudu. Wanasayansi wakaiga sumu yake viwandani na kutengeneza dawa tunazopuliza leo. Hizo nazo kunguni wa sehemu nyingi wamezizoea.

Adui wa namna hii anahitaji mwindaji anayemjua. Sisi tumeletewa wa aina nyingine: anayeona soko palipo na hatari, kama yule bwana wa Kampala.

MALALAMIKO YETU

La kwanza ni dawa isiyo na jina. Kila wiki inapita pikipiki yenye spika, sauti iliyorekodiwa ikiimba kwamba inaua kunguni, inaua mende, inaua panya, inaua viroboto. Dawa yenyewe imo katika chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, haina tarehe, haina jina la aliyeitengeneza. Muuzaji huja na mtungi wenye kunguni watatu, huwamiminia dawa, nao hufa hapohapo mbele ya macho yetu. Tunashangilia, tunatoa pesa. Hatukutambua kwamba kunguni aliyezamishwa katika mafuta ya taa lazima afe, kama ambavyo yeyote kati yetu angekufa. Yule aliye ndani ya ufa wa kitanda hakuja kwenye maonyesho. Isitoshe, chupa hizo hubaki chini ya meza, mahali mtoto mwenye kiu anapofika kwanza.

La pili ni kupiga dawa chumba kimoja. Mpangaji mmoja akijitahidi, akaita mtu wa kupuliza, moshi hujaa chumbani na kunguni hupenya ukutani kwenda kwa jirani. Baada ya wiki chache hurudi kwa mwenyewe, wakiwa wameongezeka. Jike mmoja aweza kutaga mayai mia kadhaa maishani mwake. Mayai huanguliwa kwa takriban siku sita hadi kumi, na dawa nyingi haziyaui. Mzima huweza kukaa miezi bila chakula. Kwa hiyo aliyepuliza mara moja, chumba kimoja, akaondoka na pesa zake, amewahamisha tu kunguni.

La tatu ni waganga. Dawa ya chupa iliposhindwa, yalibandikwa matangazo kwenye nguzo za stima ya kwamba kunguni wasiokufa wametumwa. Kuna waliolipa. Wakaambiwa waangalie jirani mwenye wivu, na katika ploti moja majirani wawili waliokuwa wakikopeshana unga sasa hawasalimiani. Hapa tunaomba msicheke. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulifanya makundi ya raia kuua watu, hadi Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Na hapa kwetu, Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, Kisii, kwa kushukiwa uchawi. Kunguni hajulikani kuambukiza ugonjwa. Anayemsingizia binadamu kazi ya kunguni ndiye anayeweza kuua.

La nne ni lawama. Tukimwambia mwenye ploti, tunajibiwa kwamba ni uchafu wetu, na kwamba chumba kina watu wanaokingojea. Kunguni hafuati uchafu. Hufuata joto la mwili na pumzi ya aliyelala. Mwaka 2023 mji wa Paris, ukijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki, ulitaharuki kwa kunguni katika nyumba, sinema na magari ya moshi, na hakuna aliyewaambia Wafaransa wote kwamba hawajui kufagia. Nyufa za ukuta, mbao za dari na fremu za milango si zetu. Tulizikuta.

La tano tumelificha kwa muda mrefu, na ni kosa letu wenyewe. Tumekuwa tukinyamaza kwa aibu. Mwisho wa mwezi tunapakia godoro kwenye mkokoteni usiku, tunahamia ploti nyingine, na tunahama na kila kitu. Tunanunua vitanda na magodoro ya mitumba kando ya barabara bila kupekua mishono. Tunaficha alama za damu kwenye shuka kwa kugeuza upande. Jirani yetu hakuletewa kunguni na jini wala mganga. Tulimletea sisi.

USIKU WA MWINDAJI

Ruhusuni tuwasimulie kisa kimoja, kwani ndicho kilichotufanya tuandike.

Kijana mmoja wa dawa alifika ploti moja asubuhi, akapuliza nyumba nne, akalipwa na zote ila ya nne. Jioni alirudi kuchukua deni la nyumba ya nne, mvua ikanyesha hadi matatu zikapotea. Mama wa nyumba ya kwanza, kwa ukarimu wa kawaida, akamwambia, “Mwanangu, lala hapa, si umeshatuulia wadudu?” Akatandikiwa. Hakuweza kukataa bila kujifichua.

Saa nane usiku majirani walisikia mtu akijipiga makofi koridoni. Walipotoka na tochi walimkuta mwindaji amevua shati, mgongo umejaa uvimbe, viatu mkononi. Hakuna aliyemgombeza. Mama alimpikia chai. Akiwa na kikombe mkononi kijana alisema yote: chupa ina maji, sabuni na mafuta ya taa, na harufu kali anayoiongeza ili watu waamini. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia. Kwake, katika ploti ya upande wa pili wa mtaa, wako vilevile. Kila usiku hujipulizia dawa yake mwenyewe, akijua ilivyo, kwa sababu hana nyingine.

Hapo ndipo hasira yetu iligeuka. Tulikuwa tumejiandaa kumkamata tapeli. Tukamkuta mpangaji mwenzetu.

MADAI YETU

1. Ploti nzima ipigwe dawa siku moja, milango yote, na irudiwe baada ya wiki mbili hivi ili wapatikane walioanguliwa. Mwenye ploti alipie dawa. Sisi tutatoa vyombo, tutafungua vitanda na tutakaa nje siku nzima bila kunung’unika.

2. Dawa isiyo na lebo isiuzwe sokoni wala kutangazwa kwa spika. Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura 346, ipo tangu 1982 na inataka dawa isajiliwe kabla ya kuuzwa. Tunaomba orodha ya dawa zilizosajiliwa ibandikwe nje ya afisi ya chifu, kwa Kiswahili chepesi, ili mama asiyejua kemia aweze kulinganisha jina na chupa.

3. Afisa wa afya ya umma atumie uwezo aliopewa na Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, kumwandikia notisi mwenye jengo asiyeziba nyufa. Ibara ya 43 inatupa haki ya nyumba ya kutosha na usafi wa kuridhisha. Mpangaji atakayesema ana kunguni asifukuzwe kwa kusema.

4. Ipatikane mashine ya mvuke ya wadi, ya kukodishwa kwa bei nafuu. Joto la nyuzi 50 huua kunguni pamoja na mayai yake, na hakuna kunguni aliyejifunza kulizoea.

5. Waganga wanaouza uadui kati ya majirani wachukuliwe hatua. Kupata mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka mitatu.

6. Kwa vijana wa dawa za chupa hatuombi jela kwanza. Wafundishwe kazi, wapewe vyeti na vifaa vya kujikinga, kisha waajiriwe kupiga dawa za kweli. Wanazijua nyumba zetu na nyufa zake kuliko mtu yeyote.

7. Na anayepuliza nyumba, mwenye cheti au asiye nacho, alale humo usiku mmoja kabla ya kulipwa. Anayepuliza kwa moshi atapewa siku moja ya kupisha hewa. Haki itendeke kwake pia.

AHADI ZETU

Nasi tunaahidi kutoficha. Anayehama atasema. Godoro la mitumba halitaingia ploti bila kupekuliwa mishono, na nguo zitachemshwa au kupigwa pasi ya moto. Hatutamnyooshea kidole jirani kabla ya kuinua godoro letu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wengi hulitumia neno hili kwa wanasiasa na ndugu wasaliti. Sisi wa Kamenu tunalisoma kama lilivyoandikwa.

Tunakabidhi risala hii pamoja na karatasi za sahihi. Sahihi ya kwanza juu kabisa ni ya yule kijana wa dawa. Yuko hapa leo, amesimama kule nyuma, hajaketi, na kila mmoja wetu anajua kwa nini.

Ni sisi,
Wapangaji wa ploti za Kamenu