Nirudishieni chenji yangu

Wasee, leo tuongee kuhusu pointi.

Wiki jana mdogo wangu wa miaka 13 alitaka nguo mpya ya mhusika wake kwenye gemu fulani ya simu. Nikamuuliza ni ngapi. "700." Nikafungua M-Pesa nimtumie 700 bob, akacheka. "Si shilingi, brathe. Ni pointi." Haya, pointi 700 ni shilingi ngapi? Hajui. Amecheza hiyo gemu mwaka mzima na hajui.

Tukaingia dukani kwa gemu. Kuna paketi ya pointi 500 kwa shilingi 650, na ya 1,000 kwa shilingi 1,300. Ya 700 hakuna. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu ya kuzidisha bado naikumbuka: hiyo nguo ni shilingi 910. Nimelipa 1,300. Pointi 300 zilizobaki ni shilingi 390 zangu, zimekwama huko ndani, haziwezi kurudi kwa simu, na hakuna kitu cha maana cha pointi 300. Jioni hiyo hiyo dogo akaja: "Si tuongeze kidogo ndio zile zisikae bure?"

Hapo ndipo nilikasirika. Muuza duka akikupa peremende badala ya chenji, angalau peremende unakula. Hawa wanakaa na chenji yako halafu wanaitumia kukuvuta urudi.

Na huu mchezo si mpya. Xbox 360 ilipotoka 2005, duka lake la mtandaoni lilikuwa na Microsoft Points. Pointi 80 zilikuwa dola 1. Themanini! Kwa nini isiwe 100, kama si kukuchanganya? Ukitaka gemu ya pointi 800, yaani dola 10, unakuta paketi ni 500 au 1,000. Watu walilalamika miaka, na 2013 Microsoft wakaziondoa, wakaandika bei kwa pesa za kawaida. Kwa hivyo inawezekana. Duka halikufa.

Najua kuna mtu atasema, "Si lazima ununue." Sawa, si lazima. Hata sukari si lazima, lakini dukani bei yake imeandikwa kwa shilingi. Pale kwa PS ya mtaa wetu bei ya mechi iko kwa karatasi ukutani, imeandikwa kwa kalamu, na hata mtoto wa darasa la tatu anajua pesa zake zitaisha saa ngapi. Wala usiniambie ni kama Bonga Points. Bonga unapewa baada ya kutumia pesa. Hizi unazinunua.

Machi 2025, Tume ya Ulaya na mamlaka zao za kulinda wateja walitoa kanuni: bei ionekane kwa pesa halisi, na mteja asilazimishwe kununua pointi asizohitaji. Sisi hapa Kenya tuna Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua. Bei si habari? Sijasikia mbunge hata mmoja akiuliza. Labda watoto wao hawachezi, ama wanacheza na wazazi hawaoni hesabu.

Sasa niseme ukweli wangu, kwa sababu wengine wenu mtaniuliza kwa komenti. Mwaka jana nilikuwa natoa pointi kama zawadi hapa karibu kila mwezi. Nililipwa kufanya hivyo, na hiyo pesa ililipa kodi ya nyumba. Dogo alijifunza kusema "pointi 700" kutoka kwa video zangu. Wiki hii wamenipigia tena, nimekataa, na sijui kodi ya mwezi ujao itatoka wapi.

Zawadi ya mwezi huu itakuwa 500 bob, kwa M-Pesa. Mshindi akitaka, akale chipo.